Uwajibikaji wa Kufumba na Kufumbua: Kupiga Mpira, Tabia na Hiari

Maadili, katika dini na katika falsafa, yamezoea kumtazama mwanadamu kama mtendaji anayefikiri kwanza, akakusudia, kisha akatenda. Nia hutangulia, tendo hufuata, na lawama au sifa humfikia mtu kwa sababu alikuwa na nafasi ya kuchagua vinginevyo. Hata hivyo, matendo mengi ya kila siku hayana nafasi hiyo. Mwendesha bodaboda anayemkwepa mtoto aliyekatiza barabara huko Mbagala, mzazi anayejibu tusi kabla halijamalizika kutamkwa, na kijana wa Tandale anayeokota jiwe mara tu asikiapo ukelele wa "Mwizi!", wote hutenda ndani ya muda mfupi mno, ambamo fikra haiwezi kupanga hoja zake wala kuzipima. Swali linalochunguzwa hapa ni kama mtu huwajibika kwa uamuzi uliotangulia fikra zake, na kama anawajibika, uwajibikaji huo umekaa mahali gani katika maisha yake.

Swali hili ni gumu kujibiwa kwa mifano ya barabarani, kwa kuwa humo mambo hutokea mara moja, hayapimiki, na hayarudiwi. Unahitajika mfano ambao ndani yake muda unajulikana, kosa linaonekana papo hapo, na tendo lilelile linaweza kurudiwa mara mia bila mtu kuumia. Mfano huo unapatikana katika mchezo wa video wa besiboli, hasa katika kazi ya mpigaji anayejifunza kutambua aina ya mpira unaorushwa kwake na kuamua kama aupige au auache upite.

Besiboli si mchezo mgeni kabisa Dar es Salaam. Kuanzia miaka ya 2010, kwa msaada wa Mjapani Shinya Tomonari, aliyewahi kufanya kazi katika shirika la maendeleo la Japani, JICA, mchezo huo ulianza kufundishwa katika shule za sekondari, na miongoni mwa shule za mwanzo zilikuwa Azania, iliyoko Upanga, na Kibasila, iliyoko Temeke. Waliouleta waliuambatanisha na mafunzo ya nidhamu, heshima na haki, jambo linaloonyesha kwamba tangu mwanzo walitazamia uwanja uwe pia mahali pa malezi. Kwa upande wa michezo ya video, vibanda vya gemu vya Mwananyamala, Tandika na Mbagala hutawaliwa na mpira wa miguu, na mfululizo wa besiboli uitwao MLB The Show, ambao Sony iliuanzisha kwa jina hilo mwaka 2006, una wachezaji wachache. Lakini uwezo unaotakiwa ndani yake unafahamika mitaani. Msichana anayesimama katikati katika mchezo wa rede, huku wenzake wawili wakimrushia mpira kutoka pande mbili, naye hulazimika kusoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujamfikia, kwa sababu akisubiri kuuona mpira wenyewe ulikoelekea atakuwa ameshapigwa.

Ni lazima kueleza kwa ufupi kinachotokea. Katika besiboli mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye bamba jeupe lililolazwa chini karibu na mpigaji, naye mpigaji hushika rungu akingoja. Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika katika muda wa takriban sekunde 0.4, na kwa kuwa kuzungusha rungu kwenyewe hutumia karibu sekunde 0.15, kinachobaki kwa ajili ya kuona, kutambua na kuamua ni robo moja ya sekunde. Katika muda huo mpigaji anapaswa kujua kama unaomjia ni mpira wa kasi, ambao huzunguka kwa kurudi nyuma na kwa hiyo hushuka kidogo kuliko jicho linavyotarajia. Au ni mpira wa kupinda, ambao huzunguka kwa mbele, huonekana kupanda kidogo unapotoka mkononi, kisha huporomoka. Au ni mpira wa kuchelewa, ambao hurushwa kwa mwendo uleule wa mkono wa mpira wa kasi ilhali wenyewe unakuja polepole zaidi, ili rungu lizunguke kabla yake. Sheria za mchezo zinaongeza uzito wa jambo hili. Mpira unaopita ndani ya eneo halali, yaani juu ya bamba na kati ya magoti na kifua cha mpigaji, huhesabiwa dhidi yake hata asipougusa, na akifikisha mitatu ya namna hiyo hutolewa. Bali mipira minne inayopita nje ya eneo hilo bila yeye kuifuata humpa haki ya kwenda kituo cha kwanza bila kupiga kitu. Kwa hiyo kutopiga nako ni tendo, lina thamani yake, na huamuliwa ndani ya robo ileile ya sekunde.

Wapo wanaodhani kwamba wepesi wa namna hii ni suala la maumbile tu: kwamba mtu fulani amezaliwa na mishipa myepesi na mwingine hakuzaliwa nayo, na kwa hiyo hakuna sifa wala lawama ya kugawanya. Dhana hiyo inavunjwa na tukio linalojulikana sana katika historia ya mchezo huu. Mwaka 2004 Jennie Finch, mrushaji wa Marekani wa mchezo wa softiboli, ambao ni ndugu wa besiboli na ambao ndani yake mpira ni mkubwa zaidi na hurushwa kwa mkono unaopita chini ya kiuno kutoka umbali mfupi, alimrushia Albert Pujols, mmoja wa wapigaji bora kabisa wa zama zake, na Pujols akashindwa kuugusa mpira hata mara moja. Mishipa ya Pujols haikuwa imepungua wepesi siku hiyo. Kilichokosekana ni miaka ya kuuona mkono wa namna ile: bega, kiwiko na vidole vya mrushaji wa softiboli havikumwambia lolote, kwa sababu macho yake yalikuwa yamelelewa na warushaji wengine. Wepesi wa mpigaji, basi, ni elimu iliyokusanywa kwa muda mrefu ikahifadhiwa mahali ambapo inaweza kutumika bila kuitwa.

Mchezo wa video unaifanya elimu hiyo ionekane ikikua. Anayeanza hufuata kila mpira. Kidole chake hubonyeza kitufe mara tu kitu cheupe kinapotoka mkononi mwa mrushaji kwenye kioo, na matokeo yake ni kupiga hewa au kupiga mipira ambayo ingempa faida kama angeiacha. Mazoezi yenye manufaa huanza kwa kumnyima alichokizoea. Katika sehemu ya mazoezi, ambamo mchezaji anaweza kuchagua mrushaji na aina ya mpira, yeye huuacha kila mpira upite na kutaja jina lake tu, akielekeza macho mahali ambapo mkono unauachia mpira badala ya kuukimbiza ukiwa njiani. Baada ya hapo huchanganya aina mbili, kisha tatu. Halafu huchagua sehemu moja ndogo ya eneo halali na kujiwekea sharti la kupiga mipira ya hapo peke yake. Na mwisho kabisa hurudi kwenye mchezo kamili. Anayefuata utaratibu huu huona mabadiliko ambayo hakuyategemea: mpira unaonekana kama umepunguza mwendo. Saa haijabadilika, na robo ya sekunde bado ni robo ya sekunde, lakini ndani yake sasa mna vitu vingi zaidi, kwa kuwa jicho limejua pa kutazama na limeacha kupoteza muda kwa yasiyohusika.

Hapa ndipo mfano unapokutana na mafundisho ya kale. Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyeishi kati ya mwaka 1058 na 1111, katika sehemu ya kitabu chake Ihya Ulum al-Din inayohusu mazoezi ya nafsi, anaieleza tabia kuwa ni hali iliyojikita ndani ya nafsi, ambayo matendo hutoka humo kwa wepesi bila kuhitaji fikra wala tafakuri. Kwa maelezo hayo, mtu anayetoa sadaka kwa kujikaza na kushindana na moyo wake bado hajawa mkarimu, ingawa amefanya tendo la ukarimu. Atakuwa mkarimu pale utoaji utakapomtoka kwa urahisi. Njia ya kufika huko, kwa mujibu wa Ghazali, ni kujilazimisha mwanzoni, kama vile anayetaka kuwa mwandishi wa hati nzuri anavyoiga mkono wa mwandishi stadi, tena na tena, mpaka hati hiyo iwe yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba Ghazali hautoi uharaka wa tendo nje ya maadili. Anauweka katikati yake, kwa kuwa tendo lisilongoja tafakuri ndilo linaloonyesha nafsi imekuwaje.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alikuwa amefika karibu na hapo kwa njia yake. Katika kitabu chake cha maadili kinachojulikana kwa jina la Nikomako, anasema kwamba ushujaa unajidhihirisha zaidi katika hatari ya ghafla kuliko katika hatari iliyotazamiwa, kwa sababu ile iliyotazamiwa mtu anaweza kuikabili kwa hesabu na hoja, bali ya ghafla hukabiliwa na tabia pekee. Maneno ya wanazuoni hawa wawili yanageuza swali la mwanzo. Ilidhaniwa kwamba upungufu wa muda unapunguza uwajibikaji. Wao wanaonyesha kwamba upungufu wa muda huondoa yale ambayo mtu anaweza kujipamba nayo, na kuacha kile alichokuwa akijijenga kwacho siku zote.

Pingamizi kubwa la zama hizi linatoka maabara. Mwaka 1983 Mmarekani Benjamin Libet na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu waliombwa wakunje mkono wakati wowote waupendao na kutaja papo walipojihisi kukusudia. Vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba shughuli ya kuandaa tendo ilianza takriban theluthi moja ya sekunde kabla ya kusudio hilo kuhisiwa. Baadhi ya wasomaji wa majaribio hayo walihitimisha kwamba hiari ni ndoto, kwani mwili huamua na mtu huarifiwa baadaye. Mpigaji wa besiboli husaidia kuona kasoro ya hitimisho hilo. Yeye pia, akipimwa, huenda akaonekana amekwisha kuanza kuzungusha rungu kabla ya kuhisi kwamba ameamua. Lakini hakuna atakayesema kwamba mpigo wake mzuri si wake, ilhali ni yeye aliyekaa majuma mengi akiacha mipira ipite na kuitaja majina. Hiari yake haikuwamo katika theluthi ile ya sekunde, kwa hiyo haikuweza kupotea humo. Ilikuwamo katika kila jioni aliyochagua kufanya mazoezi au kutoyafanya, katika kila kosa alilolichunguza au kulipuuza. Anayeitafuta hiari ndani ya papo la tendo anaitafuta mahali finyu mno, kisha anashangaa kutoikuta.

Jibu hili linaleta jukumu jipya ambalo haliwezi kukwepwa, nalo ni kwamba mazoezi yenyewe hayapatikani kwa watu wote kwa usawa. Mchezaji anaweza kukosa kwa sababu ya kioo: televisheni bapa nyingi huchelewesha picha kwa sehemu ndogo ya sekunde zisiporekebishwa kwa ajili ya gemu, wakati televisheni za zamani za chogo hazina ucheleweshaji huo, na anayelaumiwa kwa uzito wa kidole huenda alikuwa akionyeshwa mpira uliokwisha kupita. Vivyo hivyo kijana aliyekua bila mtu wa kumfundisha kutulia, katika nyumba ambayo kila jambo hujibiwa kwa kofi, huingia barabarani akiwa na macho ambayo wengine wameyaharibu. Wahenga waliposema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, waliigawa lawama kati ya mtoto na mlezi bila kuifuta. Haki inadai kwamba kabla ya kumhukumu mtu kwa tendo la ghafla, iulizwe pia ni nani aliyemlea, kwa mazoezi gani, na kama aliwahi kuonyeshwa njia nyingine. Inadai pia kutofautisha michezo na michezo. Mashine za kamari za dubwi zilizotapakaa katika maduka na vichochoro vya Temeke na Kinondoni huwarejeshea wachezaji matokeo ambayo hakuna zoezi linaloweza kuyabadili. Anayekaa mbele yake mwaka mzima hatoki na jicho lililo bora kuliko aliloingia nalo, na kwa hiyo mashine hizo hazimjengi mtu hata zinapomlipa.

Lipo pia suala la subira, ambalo hekima ya Kiswahili imelizungumza kwa sauti mbili. Upande mmoja huambiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Upande wa pili huonywa kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mtu akizichukulia methali hizi kama maagizo kuhusu saa, zitamkanganya, kwa kuwa hataweza kuharakisha na kungoja kwa wakati mmoja. Mpigaji hodari anafanya yote mawili. Anaungoja mpira hadi ujieleze, na haumpiti. Na anaweza hivyo kwa sababu amejifunza kuutambua mapema, hata akabakiwa na muda wa kungoja ndani ya robo ile ya sekunde. Subira, kwa maana hii, si tu uvumilivu wa moyo baada ya jambo kutokea. Ni sehemu ya kujua: ni uwezo wa kuizuia hukumu isikamilike kabla ya ushahidi mdogo unaopatikana kupokewa wote. Dini mbili kubwa za pwani zinaliunga mkono wazo hili kwa namna ya kushangaza. Mtume Muhammad alifundisha kwamba subira ya kweli ni ile inayopatikana wakati wa pigo la kwanza la msiba, pale ambapo hakuna aliyepata nafasi ya kujipanga. Na Waraka wa Yakobo katika Agano Jipya unaviweka pamoja wepesi na uzito, wepesi ukielekezwa kwenye kusikia na uzito kwenye kusema na kukasirika. Mafundisho yote mawili yanatarajia kitu ambacho mtu hawezi kukipata ndani ya papo hilo asipokuja nacho.

Uzito wa jambo hili unaonekana pale ukelele wa "Mwizi!" unapopigwa mtaani. Katika sekunde chache za mwanzo, kabla ya yeyote kujua nani ameibiwa nini, watu wamekwisha kukimbia, wengine wameshika mawe, na anayekimbia mbele huwa ameshahukumiwa kwa kukimbia kwake. Taarifa za habari zinapoeleza vifo vya namna hii, mara nyingi husema aliyekufa alishambuliwa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira hiyo ilishuka yenyewe na kuwatumia watu mikono. Hoja iliyojengwa hapa haikubali udhuru huo. Ni kweli kwamba aliyerusha jiwe hakufikiri. Lakini kutofikiri huko kulifanyiwa mazoezi, kila mara mtu huyo aliposimulia kwa furaha kipigo cha mtuhumiwa, kila mara alipocheka, kila mara alipopita bila kuuliza. Kwa upande wa pili, yule mmoja anayesimama mbele ya kundi na kusema mtu huyu apelekwe kituo cha polisi naye hakupata muda wa kufikiri. Ujasiri wake ulikuwa tayari, na sifa yake ni ya haki kwa sababu hiyo hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba anayejua kuutambua mpira wa kupinda kwenye kioo atatambua pia mtu asiye na hatia barabarani. Pujols hakuweza kuuchukua ustadi wake kutoka besiboli hadi softiboli, michezo miwili inayofanana sana. Ni dhahiri kwamba ustadi wa gemu hautajihamisha wenyewe hadi kwenye huruma na uadilifu. Kila wema una mpira wake, na unahitaji mazoezi ya kwake: ukarimu hufunzwa kwa kutoa, ukweli kwa kusema kweli katika mambo madogo, na kuzuia hasira kwa kuizuia ingali ndogo. Mchezo wa video hautoi hata mmoja kati ya wema huu. Faida yake ni kumwonyesha kijana, kwa ushahidi wa vidole vyake mwenyewe, kwamba alichokiita maumbile yake kinaweza kubadilishwa kwa kujilazimisha kwa utaratibu, na kwamba hatua ya kwanza ya kubadilika ni kujizuia kubonyeza.

Jibu la swali la mwanzo, basi, ni kwamba mtu huwajibika kwa uamuzi wa kufumba na kufumbua, na anawajibika kwa kadiri alivyokuwa na nafasi ya kujiandaa kwa ajili yake. Kutoka hapo hufuata wajibu ambao mara nyingi husahaulika kwa kuwa hauna tukio la kuutangaza: wajibu wa kujizoeza wakati hakuna kinachodai. Mwalimu wa madrasa, katekista, kocha wa shule ya sekondari na mzazi wanaomfundisha mtoto kutulia na kutaja kile anachokiona kabla ya kukijibu wanafanya kazi ya maadili iliyo ya msingi kuliko mahubiri yatakayofuata baada ya kosa, na jamii inayotaka mitaa yake iwe na haki inapaswa kuwapa watu hao muda, mahali na heshima. Anayengoja jambo litokee ndipo aanze kuwa mwema amekwisha kuamua, bila kujijua, atafanya nini litakapotokea.